Fukara wa Hiari

Watoto wakicheza, aghalabu mmoja hutaka kuwa mfalme, mwingine jemadari na mwingine daktari. Ni nadra kumsikia mtoto akisema, "Leo mimi nitakuwa maskini." Cheo cha chini katika mchezo hupewa aliye mdogo kuliko wote, au yule aliyechelewa kufika. Tabia hii ya watoto ni tabia ya watu wazima pia, maana binadamu akipewa nafasi ya kujichagulia sura, huchagua iliyo juu ya ile aliyo nayo. Kwa sababu hiyo, msomaji, yafaa tuwatazame watu wachache wafanyao kinyume: watu walioshiba ambao huchagua kuigiza wenye njaa, na watu walio huru ambao huchagua kumwinamia bwana asiye bwana wao. Nao hufanya hivyo bila ya mshahara. Je, kitendo chao ni heshima kwa maskini, au ni dhihaka? Hilo ndilo swali la insha hii, na jawabu lake, kama utakavyoona, halikai mbali na nyumba yako.

Watu hao hupatikana zaidi nchini Marekani, katika maonyesho yanayofufua maisha ya Ulaya ya karne ya 16, zama ambazo huitwa Mwamko wa Ulaya kwa sababu elimu na sanaa za kale ziliamshwa upya. Maonyesho ya kwanza ya namna hiyo yalifanyika mwezi wa Mei, mwaka 1963, huko Los Angeles katika jimbo la California. Mwanzilishi wake alikuwa mwalimu, Phyllis Patterson, pamoja na mumewe Ron Patterson. Bibi huyo alikuwa akiwafundisha watoto michezo ya kuigiza nyumbani kwake, na katika kuwafundisha historia ya jukwaa ndipo lilipotoka wazo la kufufua soko zima la zamani, pamoja na wachuuzi wake, wanamuziki wake na mafundi wake. Mapato ya maonyesho yale ya kwanza yalikusudiwa kuisaidia redio moja iliyoendeshwa kwa michango ya wasikilizaji. Mbegu hiyo ikaota na kuenea. Minnesota ilipata maonyesho yake mwaka 1971, Texas mwaka 1974, na leo majimbo mengi yana ya kwao, ambayo aghalabu ni biashara zinazotoza kiingilio langoni.

Mgeni aingiapo huona kwanza fahari. Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala Uingereza tangu mwaka 1558 hadi 1603, hupita amevikwa mahameli na lulu za kuigiza, akifuatwa na mabwana na mabibi wa ikulu. Kuna mashindano ya mikuki juu ya farasi, kuna ngoma, na kuna mapaja ya bata mzinga ya kuchoma ambayo wageni huyatafuna wakitembea. Haya ndiyo yanayowavuta watu, wala hakuna ajabu, kwa kuwa macho hupenda king'aacho. Chama kimoja cha kuigiza mambo ya kale, kilichozaliwa Berkeley, California, mwaka 1966, kiliipatia tabia hii dawa nyepesi: kila mwanachama wake huhesabiwa kuwa ni mtu wa ungwana. Katika ulimwengu wa namna hiyo waungwana ni wengi, lakini anayelima chakula chao haonekani.

Lakini katika baadhi ya maonyesho, kando ya njia ya Malkia, kuna kikundi cha watu waliovaa kitani kikuukuu na sufu ya rangi ya udongo. Hao ni chama cha wakulima. Huwasha moto kwa kuni, huteka maji, huchemsha uji mzito wa njegere na shayiri, huchana sufu na kusokota nyuzi, husuka vikapu, na hugombana kwa mizaha juu ya kuku na mipaka ya mashamba. Msimu wao huwa wa majuma kadhaa, kila Jumamosi na Jumapili, na kabla ya msimu kuna siku nyingi za mazoezi. Hujifunza namna ya kusema, namna ya kumsalimu bwana kwa kuvua kofia, na kazi ya mikono ambayo babu zao waliisahau zamani. Nguo hujishonea wenyewe, au huzinunua kwa fedha zao. Wanapokuwa kazini huficha saa zao na kila kitu cha leo. Siku kati ya msimu na msimu, mmoja wao aweza kuwa karani, mwingine muuguzi, mwingine mwalimu. Ifikapo jioni ya Jumapili huvua matambara, huingia katika magari yao na kurudi makwao.

Sasa tumtazame mkulima mwenyewe ambaye watu hawa wanamwigiza, tuone maisha yake yalikuwaje. Mwaka 1563 bunge la Uingereza lilipitisha sheria juu ya kazi za vibarua na mafundi. Sheria hiyo iliamuru kwamba tangu katikati ya Machi hadi katikati ya Septemba kibarua awe kazini saa kumi na moja alfajiri au kabla yake, na asiondoke mpaka kati ya saa moja na saa mbili za usiku. Ujira wake ulipangwa na mahakimu wa wilaya, na aliyelipa zaidi ya kipimo alikuwa ametenda kosa. Mwaka 1571 sheria nyingine ilimlazimisha kila mtu wa hali ya chini aliyepita umri wa miaka sita kuvaa kofia ya sufu iliyofumwa nchini siku za Jumapili na sikukuu, ili wafumaji wa kofia wapate soko. Mwaka 1572 ikaamriwa kwamba mtu mzima mwenye nguvu aonekanaye akizurura bila ya kazi wala bwana, apigwe mijeledi na kutobolewa sikio la kulia kwa chuma cha moto, isipokuwa kama atapatikana wa kumchukua katika utumishi.

Wakati huohuo mashamba mengi ya jumuiya, ambamo maskini walizoea kulisha ng'ombe mmoja au kuokota kuni, yalikuwa yakizungushiwa ua na wenye mali kwa ajili ya malisho ya kondoo. Kisha ikaja mvua ya kupindukia, na mavuno yakaharibika mfululizo tangu mwaka 1594 hadi 1597. Ni katika miaka hiyo Wareno walipokuwa wakiijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, kazi waliyoianza mwaka 1593. Bei ya nafaka Uingereza ikapanda, na watu wakafa kwa njaa. Ndipo bunge lilipotunga sheria za mwaka 1598 na 1601, zilizoiamuru kila parokia itoze kodi ya kuwatunza mafukara wake. Huyo ndiye mkulima wa zama zile zisifiwazo kwa uzuri wa mashairi na michezo yake. Mkulima huyo hakutafuna paja la bata mzinga. Ndege huyo asili yake ni bara la Amerika, na Uingereza ya wakati ule alikuwa chakula cha karamu za wenye nafasi.

Ukiyaweka maisha haya mbele yako, shtaka la kwanza juu ya waigizaji wetu lajisema lenyewe. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, tena wakanena kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwigizaji anapochemsha uji wa njegere, anajua kwamba nyumbani mna chakula kingine. Anapoinama mbele ya bwana, anajua kwamba bwana huyo hana uwezo wa kumtoboa sikio. Joto la sufu humtesa, lakini ni mateso yenye saa ya kwisha, na mateso yenye saa ya kwisha hufanana zaidi na mazoezi ya mwili kuliko dhiki. Tambara ni alama tu ya nje ya ufukara. Ufukara wenyewe ni kukosa lango la kutokea, na lango ndilo kitu cha kwanza ambacho mwigizaji anacho.

Shtaka hili lina mfano mashuhuri katika historia ya Ufaransa. Kuanzia mwaka 1783, Malkia Marie Antoinette alijengewa kijiji cha shamba katika bustani za ikulu ya Versailles. Kulikuwa na nyumba za mtindo wa kijijini, ziwa, mifugo na chumba cha maziwa. Kuta za nje za nyumba zilichorwa nyufa za bandia ili zionekane kuukuu, na ndani ya baadhi yake mlikuwa na samani za thamani. Fikiri, msomaji, juu ya ufa uliochorwa kwa rangi. Katika nyumba ya fukara ufa ni njia ya baridi na wadudu, na mwenye nyumba hutafuta udongo wa kuuziba. Katika nyumba ya Malkia ufa ulikuwa pambo. Tarehe 5 Oktoba 1789 maelfu ya wanawake wa Paris waliotaabishwa na bei ya mkate walitembea mwendo wa kilomita 20 hivi hadi Versailles kudai chakula. Hao hawakuchorwa. Jamaa ya kifalme ilichukuliwa Paris siku ya pili yake, na mwaka 1793 Malkia akauawa. Sisemi kwamba aliuawa kwa sababu ya kile kijiji, maana makosa ya utawala yalikuwa mengi na makubwa kuliko hilo. Nasema kwamba aliupenda utulivu wa mkulima bila ya kuijua njaa yake, na upendo wa namna hiyo haumfai mkulima kitu.

Je, tuwahukumu basi waigizaji wote kwa kosa la Versailles? La, hatuwezi, maana haki yataka upande wa pili nao usikilizwe.

Upande wa pili una hoja mbili. Ya kwanza ni hii: historia iliyoandikwa imewapendelea wenye nguvu. Wafalme walikuwa na waandishi, na mabwana walikuwa na wachoraji, lakini aliyelima hakuwa na wa kumwandika isipokuwa alipotajwa katika kodi, kesi au mazishi. Wahenga walisema kwamba mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Katika vitabu mambo yamepinduka: walaji wana majina, na mkulima hana. Onyesho lenye Malkia na lisilo na wakulima humfundisha mtoto uongo mkubwa, kwamba mahameli hujishona na mkate hujioka. Mtu akaaye kando ya njia akimenya njegere huyasahihisha makosa hayo bila ya kuhutubu. Mtoto akimuuliza, "Unafanya nini?" na akajibiwa kwa ukweli, basi mtu mmoja asiye na jina amerudishiwa mahali pake katika historia.

Hoja ya pili ni kwamba mikono hujifunza jambo ambalo macho hayawezi. Mwaka 1972 mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Reynolds, alianzisha shamba la majaribio huko Butser, kusini mwa Uingereza, ili kulima na kujenga kama watu walioishi huko zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wataalamu walikuwa wamekuta mashimo mengi ya kale ardhini, na ilidhaniwa kuwa yalikuwa ghala za nafaka, lakini ilionekana shida kuamini kwamba nafaka yaweza kukaa salama katika ardhi yenye unyevu. Reynolds alichimba mashimo kama hayo, akayajaza nafaka, akayaziba kwa udongo. Nafaka iliyogusana na kuta ilianza kuota, ikaimaliza hewa ya oksijeni iliyokuwamo na kutoa hewa ya kaboni, na nafaka yote iliyobaki ikalala salama majira yote ya baridi. Basi mkulima yule wa kale, aliyedhaniwa kuwa mjinga, alikuwa ameuhifadhi mwaka mzima wa chakula kwa akili ambayo wasomi waliihitaji kuichimba upya. Mtu anayejaribu kazi ya maskini kwa moyo wa kujifunza hurudi na heshima kwa akili ya maskini. Aliyekuja na huruma tu hakupata hata nusu ya faida hiyo.

Hapa pana jambo dogo la kutenganisha. Yupo atakayeuliza kama ni busara mtu kufanya kazi bila ya ujira katika maonyesho ambayo mwenyewe ni mfanyabiashara anayepokea fedha langoni. Swali hilo ni la haki. Kujitolea ni tendo jema pale mtoaji anapojua anamtolea nani na kwa sababu gani, na mpokeaji asipogeuza hiari ya mwenzake kuwa desturi ya kukwepa malipo. Mtu aweza kumtolea mgeni maarifa na akaridhika, wala hapungukiwi kitu. Lakini sharti tukumbuke kwamba yule kibarua wa mwaka 1563 hakuwa na haki ya kukataa, na kwamba ni kejeli ya ajabu kama mchezo wa kumkumbuka yeye ungezaa vibarua wengine wasiolipwa. Hiari ndiyo inayomtofautisha mwigizaji na mkulima. Yafaa ailinde hiari hiyo vizuri, kwa kuwa mwenzake hakuwa nayo.

Sasa tunaweza kulijibu swali letu. Kumwigiza fukara si dhambi, wala si wema kwa nafsi yake. Mizani yake ni mambo matatu. Kwanza, mwigizaji aonyeshe kazi ya fukara kuliko matambara yake, maana matambara ni mambo aliyofanyiwa na ulimwengu, na kazi ni mambo aliyoufanyia yeye. Pili, asiufiche uchungu. Akieleza uji wa njegere, aeleze na mwaka ambao njegere hazikupatikana. Akivaa kofia ya sufu, aseme ni nani aliyemlazimisha kuivaa. Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, mchezo ubadilishe namna anavyomtazama mkulima aliye hai. Anayemwigiza mchuma matunda wa karne ya 16 siku ya Jumapili, kisha Jumatatu akampita mchuma matunda wa California kama apitaye gogo, amepoteza msimu wake wote. Vazi lake lilikuwa sahihi, lakini moyo ulibaki ikulu.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba mambo haya ni ya Marekani na Uingereza, nawe u mwanafunzi wa Kenya usiye na habari na mahameli ya Malkia Elizabeth. Hebu likumbuke jukwaa la shule yako. Mchezo unapotungwa na kicheko kikatafutwa, ni nani huletwa jukwaani? Mara nyingi huletwa mtu wa shamba: suruali ina viraka na imefungwa kwa kamba, kofia imetoboka, Kiswahili chake ni cha kubabaika, na kila kitu cha mji humshangaza. Kabla hajatamka neno, ukumbi mzima unacheka. Katika ukumbi huo wamo watoto wengi ambao karo yao imelipwa na mtu kama huyo. Ametoka alfajiri kuchuma majani ya chai au kupalilia mahindi, na viraka vya suruali yake ni shati jipya la mwanawe. Mtoto huyo naye hucheka, kwa kuwa kutocheka kungemfichua. Nalo ndilo jambo la kusikitisha, kwamba mtu ajifunze kumkana mzazi wake kwa kicheko, tena mahali palipojengwa kwa jasho la mzazi huyohuyo.

Mimi sikatazi kumcheka mtu wa shamba. Mtu wa shamba ana vituko vyake kama alivyo navyo mwalimu na waziri, na mtu asiyechekwa kamwe si mtu, ni sanamu. Ninalokataza ni kumcheka kwa sababu ya viraka vyake. Mwandike akiwa mjanja, mwandike akiwa mchoyo, mwandike akiwa mpenda kesi. Lakini mwandike akijua jambo ambalo wewe hulijui. Anajua wingu lipi lina mvua na lipi ni la kupita. Anajua mbegu ya kuweka na ya kula. Mpe jukwaani jembe lenye kazi, usimpe jembe la kujikwaa nalo. Ukifanya hivyo utaona kwamba kicheko hakipungui, bali mwenye kuchekwa anaweza kukaa katika safu ya mbele siku ya wazazi na kucheka pamoja na wengine.

Elimu unayoitafuta ni lango. Wazazi wengi wamejinyima ili lango hilo lifunguliwe mbele yako, na yamkini wewe utalipita na kukaa mbali na jembe maisha yako yote. Hakuna aibu katika kulipita. Aibu ni kulipita, kisha kugeuka na kuwacheka waliobaki nje kana kwamba wao wenyewe ndio waliochagua kubaki. Basi ukivaa siku moja nguo ya fukara, jukwaani au popote pengine, jiulize kwanza kama mwenye nguo hiyo angeweza kuketi mbele yako akakutazama mpaka mwisho bila ya kuinamisha uso. Kama angeweza, cheza. Kama asingeweza, ivue.